Mbegu ya nyanya yenye jeni ya Pto na isiyo nayo: ipi ulipie ukiwa Dar es Salaam?

Kwenye duka la pembejeo Kariakoo unaweza kupewa pakiti mbili za nyanya chotara zinazofanana kila kitu: umbo la tunda, siku za kukomaa, hata picha ya mbele. Tofauti iko mgongoni, kwenye mstari mdogo wa herufi zinazofuata HR (ukinzani wa juu) au IR (ukinzani wa kati). Moja imeandikwa Fol (mnyauko fuzari), Va na Vd (mnyauko vertisilia), TYLCV (virusi vya kukunja majani). Nyingine ina hizo hizo, ila imeongezewa Pst, kifupi cha bakteria Pseudomonas syringae pv. tomato. Herufi hizo tatu ndizo zinazokuambia kwamba ndani ya mbegu kuna ukinzani unaotokana na jeni iitwayo Pto. Mara nyingi ndizo zinazomfanya muuzaji aseme, "Chukua hii kaka, hii haishikwi na bakteria."

Tuanze na jibu. Kama shamba lako liko ndani ya jiji au ukanda wake, toka Bunju hadi Kigamboni na Chanika, usiongeze hata shilingi mia kwa ajili ya Pst. Kama unaishi Dar lakini nyanya zako ziko nyanda za juu zenye baridi, kama Lushoto, Ilula au Ngarenanyuki, na unaziendesha kwa simu, basi Pst ni kitu cha kukitafuta. Pto ni jeni nzuri sana. Tatizo ni kwamba inapigana na ugonjwa mmoja tu, vidoa vyeusi vya bakteria, na ugonjwa huo haulipendi joto la pwani.

Pto inafanya nini ndani ya jani

Jeni hii imekaa kwenye kromosomu ya 5. Asili yake ni nyanya ya porini, Solanum pimpinellifolium, ile yenye vitunda vidogo kama gololi. Wazalishaji wa mbegu waliihamishia kwenye nyanya ya kulimwa kwa kuchavusha na kuchagua miche, kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo anayekuuliza kama mbegu yenye Pto ni GMO, mwambie siyo, ni chotara wa kawaida. Mwaka 1993 Gregory Martin, Steven Tanksley na wenzao katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliitenga jeni yenyewe. Ilikuwa ya kwanza kutengwa kati ya jeni za mimea zinazotambua ukoo mahususi wa kimelea.

Jeni hiyo inatengeneza protini ya asidi amino 321, nayo ni kinasi: inachomoa fosfeti kwenye ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) na kuibandika juu ya protini, kwenye asidi amino za serini au threonini. Ndani ya seli, kubandika fosfeti ni sawa na kubonyeza swichi.

Sasa bakteria Pseudomonas syringae pv. tomato huingia kwenye jani kupitia matundu ya kupumulia au kidonda, kisha huingiza protini zake ndani ya seli kwa kitu kilicho kama sindano. Mbili kati ya hizo zinaitwa AvrPto na AvrPtoB. Kazi yake ni kuzima kinasi zilizo kwenye ngozi ya seli, walinzi wanaopiga kelele adui anapofika. Pto inafanana na walinzi hao kiasi cha kuwadanganya wavamizi. AvrPto inaidaka, na hapo ndipo inaponaswa, maana nyuma ya Pto kuna protini nyingine iitwayo Prf inayosikia mguso huo na kuamuru seli ijiue. Pto ni chambo, Prf ndiye mshika mshipi. Seli chache zinakufa ndani ya saa kadhaa, bakteria wanabaki wamezungukwa na mizoga, na jani linasalimika.

Umahiri wake ndio udhaifu wake. Chambo hufanya kazi samaki akikidaka tu. Kuna bakteria wa ugonjwa huu huu ambao hawana AvrPto, au protini zao hazijitokezi kwa kiasi cha kunaswa. Wenye kunaswa huitwa ukoo 0, wasionaswa ukoo 1. Katika nchi zilizopanda nyanya za Pto kwa miongo, kama Marekani huko California, ukoo 1 ulishika nafasi, kwa sababu ukoo 0 ulikuwa umefungiwa mlango. Ndiyo maana makampuni makini huandika Pst:0, siyo Pst peke yake. Ile sufuri ni onyo kwamba unauziwa kinga ya nusu ya adui.

Kwa nini joto la Dar linaimaliza hoja

Vidoa vyeusi vya bakteria, ugonjwa ambao Pto inaukinga, hushamiri kwenye nyuzijoto 18 hadi 24 majani yakiwa yameloa kwa saa nyingi. Fikiria Lushoto asubuhi ya ukungu, au Ilula wakati wa mvua. Ugonjwa huu upo nchini: taarifa ya kwanza ya kitaalamu kuuhusu Tanzania ilichapishwa mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine wakiwemo. Kwa hiyo habari ya kwamba "huo ni ugonjwa wa Ulaya" tuiache.

Dar es Salaam mambo ni mengine. Mchana unacheza kwenye nyuzi 28 hadi 32, na usiku wa Januari hadi Machi haushuki sana chini ya 25. Kipindi pekee chenye usiku wa kama nyuzi 19 ni Juni hadi Agosti, lakini hicho ndicho kipindi kikavu, na majani hayabaki na maji ya kutosha isipokuwa wewe mwenyewe uyamwagie kwa mpira kila jioni. Hilo wengi wanalifanya, na tutalirudia.

Juni hadi Agosti pia ndiyo miezi ambayo nyanya ya pwani inafunga matunda vizuri. Usiku ukizidi nyuzi 21 na kuendelea, chavua huanza kushindwa na maua hudondoka. Otesha kitaluni mwishoni mwa Aprili chini ya paa la nailoni, pandikiza mwishoni mwa Mei masika yakiisha, maua yatatoka Julai. Hakuna herufi yoyote nyuma ya pakiti itakayorekebisha kalenda mbovu, na nyanya inayodondosha maua Februari haiumwi kitu.

Magonjwa matatu, jina moja

Sehemu kubwa ya fedha inayopotea kwenye mbegu za "bakteria" inatokana na hapa. Mkulima anaona madoa au mmea umelala, anaambiwa ni bakteria, anaenda kununua mbegu inayokinga bakteria. Bakteria wa wapi? Wako watatu wakubwa kwenye nyanya, na kila mmoja ni wa aina yake.

| | Vidoa vyeusi (Pseudomonas) | Madoa bakteria (Xanthomonas) | Mnyauko bakteria (Ralstonia) |
|---|---|---|---|
| Joto linalopendwa | 18–24 | 24–30 | 30–35 |
| Tunda | Vidoa kama ncha ya kalamu, chini ya milimita 2 | Makovu ya kukwaruza, hadi milimita 5 na zaidi | Hakuna doa |
| Mmea | Umesimama | Umesimama, majani ya chini yanakauka | Unalala ghafla ukiwa kijani |
| Njia ya kuenea | Mbegu, matone ya maji | Mbegu, matone ya maji | Udongo, maji ya mfereji, jembe |
| Pto inasaidia? | Ndiyo, ukoo 0 | Hapana | Hapana |

Kwenye majani, mawili ya kwanza hufanana mno, yote yana doa jeusi lenye duara la njano. Usijaribu kuamua kwa jani. Chukua tunda bichi, lishike kwenye mwanga na ulipitishie ukucha. Vidoa vya Pseudomonas vimeinuka kidogo sana, viko juu ya ngozi tu, na ukikwangua kidogo chini yake nyama ni safi. Mara nyingi kila kidoa kimezungukwa na kijani kilichokolea kuliko tunda lenyewe. Doa la Xanthomonas lina uso wa gamba, limepasuka katikati kama kidonda kilichokauka, na ukucha unanasa. Jambo jingine: tunda hushikwa na vidoa vya Pseudomonas likiwa dogo, kabla halijafikia kipenyo cha kama sentimita 3. Ukiona madoa mapya yanaanza kwenye tunda kubwa lililokaribia kuiva, tafuta mchawi mwingine.

Mnyauko una kipimo chake, na hakihitaji maabara. Kata shina sentimita 5 juu ya udongo, chukua kipande cha urefu wa kidole, kitundike kwenye glasi ya maji masafi bila kukitikisa. Ndani ya dakika 3 hadi 5 uzi mweupe kama maziwa utaanza kushuka kutoka kwenye mkato. Huo ni mkusanyiko wa bakteria wenyewe. Usipouona, tatizo linaweza kuwa mnyauko fuzari, mizizi iliyozama kwenye maji, au maji ya kisima yenye chumvi, jambo la kawaida kabisa maeneo ya karibu na bahari. Fuzari huanza na majani ya njano upande mmoja wa mmea, na shina ukilipasua lina mistari ya kahawia. Ralstonia haingoji njano. Asubuhi mmea mzima, saa 8 mchana umelala, jioni unajifanya umepona, na baada ya siku tatu hauinuki tena.

Kwa pwani, anayekula shamba ni huyu wa tatu. Wa pili anafuata, hasa wakati wa masika na vuli. Wa kwanza, ambaye ndiye pekee Pto inamjua, yuko mbali nyuma yao.

Pst au Rs, TYLCV na zile za minyoo?

Tuseme bei inakulazimisha kuchagua herufi. Kwa Dar es Salaam sisi tungezipanga hivi.

TYLCV kwanza. Ni virusi vinavyoletwa na nzi weupe, vinakunja majani na kuyafanya njano pembeni, mmea unadumaa na hauzai. Nzi weupe wa pwani hawana likizo. Ukinzani wake unaodaiwa kwenye pakiti mara nyingi ni IR, yaani mmea unaambukizwa lakini unaendelea kuzaa. Kwa hiyo bado unahitaji kufunika kitalu kwa neti yenye matundu madogo kwa wiki 3 hadi 4 za mwanzo. Mche ulioambukizwa kitaluni huwa umeshapotea, chotara au si chotara.

Rs pili. Hiyo ndiyo alama ya mnyauko bakteria. Hapa uwe mwangalifu: ukinzani wa Ralstonia kwenye nyanya haukai kwenye jeni moja safi kama Pto. Unatokana na sehemu kadhaa za jenomu zinazosaidiana, na udongo ukiwa na joto na bakteria wengi unazidiwa. Mbegu yenye Rs itapunguza hasara. Haitakuruhusu kupanda mahali palipoua nyanya msimu uliopita. Kwa eneo kama hilo njia ya uhakika zaidi ni kubebesha, yaani kuunganisha kichwa cha mche wa nyanya juu ya shina la mmea mwingine, na tutaieleza.

Alama za minyoo fundo, Ma, Mi, Mj, ndizo zinazowakatisha watu tamaa pwani bila wao kujua kwa nini. Ukinzani huo unatoka kwenye jeni ya Mi-1, na Mi-1 huzimika joto la udongo likizidi nyuzi 28. Udongo wa kichanga wa Mbweni au Kigamboni uliofunikwa nailoni nyeusi huvuka hapo mapema tu. Ng'oa mmea uliodumaa, tazama mizizi. Ukiona mafundo kama shanga kwenye mche ulioandikwa una ukinzani, usikimbilie kusema mbegu ni feki. Huenda jeni ipo lakini imelala. Tandaza majani makavu badala ya nailoni nyeusi, ongeza mboji iliyoiva, na msimu unaofuata weka karanga mahali hapo. Mchicha na bamia, ambavyo ndivyo watu wa Dar hupenda kuzungusha na nyanya, vyote viwili huwalisha minyoo hao vizuri tu.

Baada ya hizo ndipo Fol, kisha Pst mwisho kabisa. Kantangaze, yule nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda, hana herufi. Hakuna pakiti inayomkinga, na akitokea muuzaji anayedai ipo, nunua mbegu kwingine.

Shamba liko nyanda za juu

Hapa Pto inapanda daraja. Tenga la nyanya linalofika soko la Ilala likiwa na matunda yenye vidoa hushushwa daraja hata kama nyama ni nzima, kwa kuwa mnunuzi ananunua kwa macho. Vidoa vya Pseudomonas haviozeshi tunda. Vinaharibu bei.

Kwa ekari moja, ukipanda kwa nafasi ya mita 1 kati ya mistari na sentimita 50 kati ya miche, utahitaji miche kama 8,000. Ongeza asilimia 15 ya miche itakayokufa au kuachwa, unafika 9,200. Gramu moja ya mbegu ya nyanya ina takriban mbegu 300, kwa hiyo ni gramu 31 hivi, au pakiti 10 kama zinauzwa kwa mbegu elfu moja moja. Linganisha gharama ya nyongeza ya pakiti hizo 10 na ile ya kupiga dawa ya shaba kila baada ya siku 7 hadi 10 tangu kitaluni hadi matunda yakue. Kwenye baridi yenye mvua, mbegu ya Pst hushinda hesabu hiyo. Kwenye msimu mkavu wa umwagiliaji wa mifereji, haishindi.

Kuna mtego mmoja. Pto ni jeni tawala, nakala moja inatosha kukinga mmea, kwa hiyo kampuni huiweka kwa mzazi mmoja tu wa chotara. Ukikamua mbegu kutoka kwenye matunda ya chotara huyo ili upande msimu ujao, karibu robo ya miche itakosa Pto kabisa. Katika miche 8,000 hiyo ni kama 2,000 isiyo na kinga, imetawanyika shamba zima, kila mmoja akiwa kituo cha kusambazia ugonjwa. Halafu unasikia mtu analalamika kwamba jeni imechoka.

Na msichanganye majina. Kwenye tafiti za Pto utakutana sana na nyanya iitwayo Rio Grande, kwa sababu wanasayansi walitengeneza mstari wa Rio Grande-PtoR wa kufanyia majaribio. Rio Grande ya kawaida iliyo kwenye rafu za duka siyo hiyo, na haina Pto.

Utajuaje kama Pto ipo kweli?

Kuna njia tatu, na zinatofautiana sana kwa hatari na kwa uhakika.

Ya kwanza ni ya ajabu kidogo. Kando ya Pto, kwenye kundi lile lile la jeni, kuna kinasi nyingine iitwayo Fen, inayofanana nayo kwa asilimia 80 hivi. Fen huufanya mmea utoke vidoa vilivyokufa ukiguswa na dawa ya wadudu iitwayo fenthioni. Kwa kuwa Pto na Fen hurithiwa pamoja karibu kila mara, wazalishaji wa mbegu walichovya jani, wakasubiri siku chache, na kuchagua miche iliyotoka vidoa. Wasomaji wa Tanzania wanaijua fenthioni kwa kazi nyingine: ndiyo ambayo imekuwa ikimwagwa kwa eropleni kuua kwelea kwelea. Ni sumu kali ya neva, na haifai kabisa kufanyiwa jaribio nyuma ya nyumba. Tena inakuonyesha Fen, jirani, siyo Pto yenyewe.

Ya pili ni kuambukiza miche kwa bakteria wa ukoo 0 na kuangalia. Inatoa jibu la kweli kuhusu ukinzani, lakini inahitaji chumba cha nyuzi 20 hadi 22, bakteria waliothibitishwa ukoo wao, na sheria za kushika vimelea. Ukiifanya kwenye banda la Dar bila kiyoyozi, hata mche usio na Pto unaweza kukosa vidoa, na utaondoka na jibu la uongo ukiwa unatabasamu.

Ya tatu ni PCR, kipimo cha maabara kinachonakili kipande cha DNA mara nyingi ili kionekane. Jani changa la ukubwa wa ukucha linatosha. Linatolewa DNA, kipande cha Pto kinakuzwa, kinakatwa kwa kimeng'enya, na mistari kwenye jeli inaonyesha kama mmea una nakala mbili, moja au hakuna. Haijali joto la nje wala msimu. Maabara ya bayoteknolojia ipo hapa jijini, TARI Mikocheni (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania). Piga simu kwanza uulize kama wanapokea sampuli za kazi hiyo. Kwa anayezalisha mbegu hii ndiyo njia ya kufuata. Kwa mkulima wa ekari moja haina faida: nunua pakiti iliyofungwa, yenye lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu), na utunze pakiti tupu pamoja na risiti mpaka mavuno yaishe. Mbegu ya kupimiwa kwa kijiko kutoka kwenye kopo lililofunguliwa haina ushahidi wa kitu chochote, hata kama ilitoka kwenye pakiti halisi.

Ukiamua kwenda bila Pto

Kwa mbegu ya kawaida uliyoikamua mwenyewe, maji ya moto hufanya kazi kubwa, na yanapunguza Pseudomonas na Xanthomonas kwa pamoja, jambo ambalo Pto haiwezi. Funga mbegu kwenye kitambaa chepesi. Zipashe kwanza dakika 10 kwenye maji ya nyuzi 38, kisha dakika 25 kwenye maji ya nyuzi 50 kamili, ukikoroga muda wote na kipimajoto kikiwa ndani ya sufuria. Zitoe, zitie kwenye maji baridi dakika 5, zianike kivulini. Ikifika 53 utaua mbegu, ikishuka 47 utawaosha tu bakteria. Jaribu na mbegu 100 kabla ya kutumbukiza zote, kwa sababu mbegu ya zamani haivumilii. Mbegu ya dukani iliyopakwa dawa ya rangi usiichemshe, utaondoa ulichokilipia.

Kitaluni, mwagilia asubuhi, chini ya majani, siyo jioni kwa kopo la matundu. Miche ikiwa imebanana kwenye trei na majani yameloa usiku kucha, mche mmoja mgonjwa huambukiza trei nzima, na hii ndiyo njia pekee ya uhakika ya kujiletea ugonjwa wa Lushoto ukiwa Tegeta. Usishike miche ikiwa na umande. Dawa ya shaba ichanganywe na mankozebu (dawa ya ukungu) kama lebo inavyoelekeza, ipigwe kabla ya mvua. Shaba hukaa juu ya jani na kuzuia; bakteria aliyeshaingia ndani haimfikii, na ndiyo sababu watu hupiga mara tano baada ya madoa kujaa na kusema dawa ni feki.

Fedha ya Pst ingefanya nini Dar

Kama kuna nyongeza uliyokuwa tayari kuilipia, iweke kwenye kubebesha. Kituo cha Dunia cha Mboga, ambacho ofisi yake ya kanda iko Arusha, kimekuwa kikipendekeza bilinganya EG203 kama shina la chini la nyanya, kwa mnyauko bakteria na kwa udongo unaotuama maji. Masika ya bondeni huleta vyote viwili kwa wakati mmoja.

Otesha bilinganya siku 3 kabla ya nyanya, kwa kuwa huanza polepole. Bebesha zikiwa na majani halisi 2 au 3 na mashina yana unene unaolingana, karibu milimita 1.7. Kata bilinganya juu ya majani ya mbegu kwa mshazari wa nyuzi 30, kata kikonyo cha nyanya kwa mshazari ule ule, uviunganishe ndani ya kipande cha mpira laini cha milimita 10 hadi 12. Wembe uwe mpya na ufutwe kwa spiriti kila baada ya trei. Miche ikae kwenye kibanda kilichofunikwa nailoni na neti ya kivuli, unyevu juu ya asilimia 85, joto lisizidi 32. Kwa Dar hilo la mwisho ndilo gumu: kibanda kilichowekwa juani saa 7 mchana huchemsha miche yote kwa nusu saa. Kiweke chini ya mwembe. Baada ya siku 5 hadi 7 anza kufungua nailoni kidogo kidogo, jioni kwanza.

Wakati wa kupandikiza, kiungo kibaki juu ya udongo, angalau upana wa vidole vitatu. Wakulima wamezoea kufukia shina la nyanya ili litoe mizizi mingi, na kwa mche wa kawaida ni sahihi. Kwa mche uliobebeshwa ni kosa kubwa, kwa sababu nyanya itashusha mizizi yake yenyewe kwenye udongo wenye Ralstonia na bilinganya yote chini inakuwa haina kazi. Kila wiki kata machipukizi yanayotoka chini ya kiungo. Utayatambua haraka: yana majani mapana yenye vinyweleo vya kijivu, na harufu yake siyo ya nyanya.